Rangi Inayobaki Majini: Mabaki ya Mimea na Majitaka ya Watia Rangi

Mhadhara kwa umma, Morogoro

Nawashukuru walioandaa ukumbi huu kwa kukubali mhandisi, fundi wa rangi na mkulima wakae kwenye viti vya safu moja, kwa sababu jambo nililokuja kulizungumza haliwezi kumalizwa na mmoja wao peke yake.

Nimepewa mada ya kutumia mabaki ya mimea kuondoa rangi katika majitaka. Madhumuni yangu ni kuwaonyesha kwamba kazi hii inawezekana hapa kwetu, kwa vitu tunavyovitupa au kuvichoma kila siku, ila kwa sharti moja. Tuanze kwa kuuliza ni rangi gani imo majini, na baada ya kunaswa itapelekwa wapi. Watafiti wengi, nami nikiwemo katika fani hii, tumezoea kuanzia upande wa pili: tunaokota ganda, tunalisaga, kisha tunatafuta rangi ambayo ganda hilo litaipenda. Makala za namna hiyo zimejaa maktaba. Mitaro yetu bado ina rangi.

Nitatoa hoja tano. Ya tatu itachukua muda mrefu kuliko nyingine, nanyi mnivumilie, kwa maana humo ndimo miradi mingi inamokwama.

HOJA YA KWANZA: Madhara ya rangi hayaishii machoni

Hadi katikati ya karne ya 19, nguo zilitiwa rangi kwa mizizi, magome, majani, wadudu na udongo. Mwaka 1856, huko London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kwa kemikali zitokanazo na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata rangi ya zambarau iliyoshika vizuri kwenye hariri, na kutoka hapo viwanda vya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani vikaanza kushindana. Leo kundi kubwa kuliko yote ni la rangi za azo, ambazo kiini chake ni atomi mbili za naitrojeni zilizofungamana.

Rangi hizi zimebuniwa zisichuje. Zinatakiwa zivumilie jua, jasho, sabuni na pasi. Uimara huohuo tunaousifia kanga ndio unaotusumbua mtoni, kwa sababu vijidudu vya kwenye mabwawa ya majitaka haviwezi kuzila kwa urahisi. Tena hazihitaji kuwa nyingi ili zionekane: gramu moja ya rangi kali katika lita elfu moja za maji inatosha kuonekana kwa macho. Na kutia rangi ni kazi ya maji mengi. Kilo moja ya kitambaa cha pamba, kuanzia kuoshwa hadi kusuuzwa mara ya mwisho, kwa kawaida hutumia lita mia moja na zaidi.

Maji yenye rangi nzito huzuia mwanga kufikia mimea ya majini, na mmea usiopata mwanga hautoi oksijeni ambayo samaki anaihitaji. Hilo wengi mnalijua. Lipo lingine linalofichika zaidi. Rangi ya azo ikizama kwenye tope lisilo na hewa, bakteria hukata kile kifungo cha naitrojeni. Rangi hupotea, maji yanatakata, na watu wanafurahi. Lakini vipande vilivyobaki ni amini za aromatiki, na baadhi yake husababisha saratani. Chukueni rangi iitwayo nyekundu ya Kongo, iliyobuniwa Ujerumani miaka ileile ya Mkutano wa Berlin na kuingizwa sokoni kwa jina hilo. Imejengwa juu ya benzidini, kemikali ambayo imethibitika kuwaletea wafanyakazi wa viwanda vya rangi saratani ya kibofu. Ujerumani ilipiga marufuku mwaka 1994 nguo zenye rangi zinazoweza kuachia amini za aina hiyo, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2002. Kwa hiyo mtu akikuonyesha glasi ya maji meupe, muulize rangi imekwenda wapi. Kunaswa na kutolewa majini ni jambo moja. Kuvunjwavunjwa ikabaki humohumo ni jambo jingine kabisa.

Sisi wa Morogoro tuna sababu ya ziada ya kulijali hili. Ngerengere unapita mjini mwetu, unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Tunachokimwaga hapa kina wanywaji huko.

HOJA YA PILI: Mmea hushika rangi kwa maumbile yake

Akina mama wa mwambao wanaosuka mikeka hutia rangi ukindu kwa kuuchemsha sufuriani pamoja na rangi ya unga. Muda si muda jani limeinywa rangi, na maji yaliyokuwa mazito yamefifia. Anayefanya kazi hiyo anafikiria mkeka. Lakini kwa macho ya mwanakemia, ameondoa rangi majini kwa kutumia jani la mmea, na jani hilo amelianika juani kama bidhaa. Sayansi yote ya mhadhara huu imo katika sufuria hiyo.

Jambo hili tunaliita unasaji. Molekuli za rangi hutoka majini na kukaa usoni pa kitu kigumu, au ndani ya vitundu vyake, zikivutwa na chaji au kushikwa na nguvu ndogondogo za kugusana. Mabaki ya mimea, yawe maganda ya mpunga, magunzi ya mahindi, makumbi ya nazi, makapi ya mkonge au unga wa mbao, yamejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Humo mna vikundi vya oksijeni na hidrojeni ambavyo, vikiwa kwenye maji yasiyo na asidi kali, hubeba chaji hasi. Rangi yenye chaji chanya ikipita karibu, inakamatwa.

Mkaa nao hunasa, ila kwa njia nyingine. Mwaka 1785 mwanakemia Tobias Lowitz, aliyekuwa Urusi, aligundua kwamba unga wa mkaa huondoa rangi kwenye vimiminika, na katika karne ya 19 viwanda vya sukari vikaanza kusafishia sukari guru kwa mkaa wa mifupa. Mkaa wa mifupa si mgeni kwetu: kule Ngurdoto, Arusha, kituo cha utafiti kimekuwa kikiutumia kupunguza floridi katika maji ya kunywa. Mkaa wa kawaida ukipitishwa tena kwenye mvuke wenye joto la nyuzi 800 au 900, au ganda likilowekwa kwenye asidi ya fosfori kabla ya kuchomwa bila hewa, hufunguka matundu madogo mno yasiyohesabika. Tunauita mkaa amilifu. Gramu moja yake huwa na uso wa ndani wa mita za mraba 500 hadi zaidi ya 1,000, kiasi kwamba gramu kumi zikikunjuliwa zaweza kufunika uwanja mzima wa mpira. Ganda bichi la mpunga halifiki hata sehemu ndogo ya hapo. Nguvu yake iko katika vikundi vyake vya kikemia. Shikeni tofauti hiyo, kwa sababu tutaihitaji sasa hivi.

HOJA YA TATU: Rangi hazifanani, na ganda lisilochaguliwa kwa rangi yake ni kazi bure

Fungueni makala yoyote ya unasaji wa rangi kwa maganda. Mara nyingi mtakuta rangi iliyojaribiwa ni methilini bluu, ile iliyotengenezwa na Heinrich Caro huko Ujerumani mwaka 1876, ambayo madaktari waliwahi kuitumia dhidi ya malaria na ambayo maabara za hospitali bado zinaitumia kuvitia vijidudu rangi ili vionekane chini ya darubini. Inapatikana kwa urahisi, inapimika kwa urahisi, na ina chaji chanya. Yaani ni miongoni mwa rangi zinazonaswa na ganda la mmea bila taabu. Mtafiti huiyeyusha kwenye maji safi yaliyochujwa, anatia unga wa maganda, anatikisa kwa saa moja au mbili, kisha anaandika kwamba asilimia tisini na kitu imeondoka. Aliyoyaandika ni kweli. Lakini kiwanda cha kanga hakitii pamba rangi kwa methilini bluu.

Naomba tutazame familia za rangi zilizoko kwenye ndoo na mapipa yetu.

Ipo familia ya rangi besi, zenye chaji chanya. Hizi hutumika kwenye akriliki, karatasi, na mara nyingi kwenye ukindu, milala na nyuzi nyingine za majani. Kwa hizi sina wasiwasi. Maganda ya karanga, maranda, mizizi ya gugu maji iliyokaushwa, maganda ya ndizi, vyote vitafanya kazi, na vitafanya vizuri zaidi maji yakiwa si ya asidi. Kizuizi ni chumvi: maji yakiwa na chumvi nyingi, ioni za sodiamu hugombania nafasi zilezile na rangi hubaki nje.

Ipo familia ya rangi za moja kwa moja, ndefu na bapa, zenye chaji hasi. Nyekundu ya Kongo ni ya familia hii. Ingetarajiwa zikimbizane na ganda, kwa kuwa chaji zinafanana, lakini umbo lake refu hulala vizuri juu ya selulosi, na ndiyo maana zilibuniwa kwa ajili ya pamba. Hapa chumvi inageuka kuwa msaada, kwa sababu hupunguza ule msukumano wa chaji. Jambo lilelile linaloharibu kazi kwa rangi moja linaisaidia kwa nyingine! Mtu asiyejua ndani ya pipa mna rangi ipi hawezi kujua afurahi au asikitike.

Kisha zipo rangi za vati, ambazo wengi wenu mnaotengeneza batiki mnazitumia, zile zinazochanganywa na kostiki soda na haidrosi. Mnajua wenyewe: kitambaa kikitoka kwenye beseni kina rangi isiyo yake, na kikipigwa na hewa rangi halisi inajitokeza. Kinachotokea ni kwamba haidrosi imeipa rangi elektroni, ikawa inayeyuka. Oksijeni ya hewani ikiziondoa elektroni hizo, rangi haiyeyuki tena. Sasa, akina mama, nawaomba mnisikilize hapa kwa makini, kwani hili halihitaji maabara. Maji ya beseni lenu yakiachwa usiku kucha kwenye pipa lililo wazi, yakikorogwa mara kwa mara ili hewa iingie, rangi itageuka chembe na kutuama yenyewe. Maji ya juu mnayapitisha kwenye tabaka la mchanga na maganda ya mpunga yaliyooshwa, nayo yanashika chembe zilizosalia. Ganda hapa ni chujio tu. Hakuna haja ya kununua mkaa amilifu kwa rangi ambayo hewa ya bure inaitoa majini.

Linalobaki kwenye maji hayo ni ukali wa kostiki, na hilo ni kubwa kuliko rangi yenyewe. Maji hayo huunguza ngozi na kuua majani ya bustani. Lazima yapunguzwe ukali kwa asidi, kidogokidogo, mahali penye hewa, na baada ya haidrosi kwisha nguvu. Asidi ikikutana na haidrosi ambayo bado ina nguvu hutoa gesi ya salfa inayobana kifua. Tafadhali lisemeni hili kwenye vikundi vyenu kabla ya kusema jambo jingine lolote mlilolisikia hapa leo.

Familia ya nne ndiyo inayoninyima usingizi: rangi tendani, ambazo kampuni ya Uingereza ya ICI ilianza kuziuza mwaka 1956 na ambazo leo zimetawala utiaji rangi wa pamba viwandani. Rangi hizi hufungamana na uzi kabisa, zikawa kitu kimoja. Ndiyo maana kitambaa hakichuji. Lakini ndani ya beseni, sehemu ya rangi hufungamana na maji badala ya uzi, na ikishafanya hivyo haiwezi tena kushika chochote. Kulingana na rangi na ustadi wa mtia rangi, sehemu ya kumi hadi theluthi, na wakati mwingine zaidi, huishia mtaroni. Isitoshe, wabunifu wake walitaka ile iliyoshindwa kushika ioshwe kwa urahisi, wakaipa mvuto mdogo kwa selulosi. Kwa maneno mengine, wataalamu walitumia akili nyingi kuhakikisha rangi hii iliyokufa haishikani na nyuzi za mmea, kisha sisi tunakuja na maganda ya mmea tukitaraji yaikamate. Na ina chaji hasi. Na maji yake yana chumvi, hadi gramu 50 au zaidi katika kila lita, ni ya moto, na yana magadi.

Je, tukate tamaa? Hapana. Tubadilishe ganda. Watia rangi wa kale walitumia shabu kuikamatisha rangi kwenye nguo, na shabu hiyohiyo ina aluminiamu yenye chaji chanya. Ganda lililolowekwa kwenye maji ya shabu, au ya chumvi ya chuma, likaoshwa na kukaushwa, hupata uso unaoivuta rangi hasi, ilimradi maji yamesogezwa karibu na hali isiyo na asidi wala magadi. Njia ya pili ni mkaa amilifu wa vifuu vya nazi, ambao hautegemei chaji peke yake. Ya tatu imetoka kwa jirani zetu. Wanawake wa Sudan waishio kando ya Nile walikuwa wakisafisha maji ya tope kwa mbegu za mlonge, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn alitumia miaka mingi kuisoma na kuieleza kazi yao. Mbegu hizo zina protini zenye chaji chanya, nazo huzikusanya chembe hasi zikawa mabonge yanayozama. Baadhi ya rangi zenye chaji hasi hukusanywa vivyo hivyo. Wanaokamua mafuta ya mlonge hubaki na mashudu, na protini hiyo imo ndani ya mashudu. Kasoro yake ni kwamba huacha majini mabaki ya chakula cha vijidudu, kwa hiyo maji hayo hayafai kukaa siku nyingi kabla ya hatua inayofuata.

HOJA YA NNE: Hesabu ya pipa na hesabu ya kiwanda ni mbili tofauti

Wanafunzi, toeni kalamu. Tuchukue kikundi cha batiki chenye pipa moja la lita 200 za maji ya kusuuzia, yenye miligramu 50 za rangi katika kila lita. Humo mna gramu 10 za rangi. Tukikadiria kwamba ganda letu linanasa miligramu 10 kwa kila gramu, tunahitaji kilo moja ya maganda makavu. Maganda ya mpunga ni mepesi. Kilo moja ni nusu debe hivi. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja, kwa kitu kinacholundikana nje ya kila mashine ya kukoboa hapa mjini.

Sasa tuchukue kiwanda kinachotoa lita 500,000 kwa siku, zenye miligramu 100 kwa lita. Hizo ni kilo 50 za rangi. Kwa ganda lilelile tunahitaji tani tano kila siku, na kwa wepesi wa maganda ya mpunga ni kama mita za ujazo 50, malori kadhaa yanayoingia makavu na kutoka yakiwa yamelowa, mazito maradufu na zaidi. Hakuna meneja atakayekubali, na hana kosa. Kwa kiwanda, kwanza yafaa mabwawa ya vijidudu yapunguze wanga, nta na sabuni, kisha mkaa amilifu uje mwishoni kuondoa kilichoshindikana. Mkaa unaonasa miligramu 200 kwa gramu unaishusha hesabu ile hadi kilo 250. Hizo zinabebeka. Lakini kumbukeni kwamba vifuu vikichomwa, takribani theluthi moja tu hubaki mkaa, na kuuamilisha hula sehemu nyingine tena, kwa hiyo nyuma ya kilo 250 pana vifuu vingi sana.

Kuna mtego ndani ya hesabu hizi ambao lazima niutaje. Irving Langmuir, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932, alituonyesha jinsi uso wa kitu unavyojaa: kadiri maji yalivyo na rangi nyingi, ndivyo ganda linavyobeba nyingi, mpaka nafasi ziishe. Makala nyingi hutangaza kiwango hicho cha juu kabisa. Lakini kiwango hicho hufikiwa wakati maji yaliyozunguka ganda bado ni meusi! Ukitaka maji yatoke meupe, ganda litabeba kiasi kidogo zaidi. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi. Panga mapipa matatu. Maji machafu yaanzie kwenye ganda lililochoka, yapite kwenye la kati, yamalizie kwenye ganda jipya. Pipa la kwanza likijaa kabisa, liondoe, sogeza mawili yaliyobaki mbele, na weka jipya mwisho. Kwa njia hiyo kila ganda huondoka limeshiba, na kila lita ya maji huagwa na ganda lenye njaa.

HOJA YA TANO: Mabaki haya si bure, na yakishanasa si mabaki tena

Tunapenda kusema taka za kilimo hazina bei. Makapi ya miwa ya Kilombero na Mtibwa yanachomwa kwenye matanuri ya viwanda vyenyewe kupata mvuke na umeme. Maganda ya mpunga yanachoma matofali. Magunzi yanapikia, na maganda ya ndizi yanaliwa na mbuzi. Tukija na mradi unaoyataka, tutakuwa tunashindana na mtu. Ndiyo maana mimi huwaelekeza vijana kwenye mabaki yenye wahitaji wachache. Mkonge ni mfano mzuri: katika jani zima, singa ni kama asilimia nne tu, na kinachobaki kwenye korona, yaani mashine ya kuchakatia mkonge, ni lundo linalooza na kuchafua mito. Gugu maji lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mfano mwingine kwa ndugu zetu wa Mwanza, Kisumu na Jinja. Maganda ya korosho ya Mtwara na Lindi yanafaa kwa mkaa, ila yana mafuta makali yanayounguza mikono, na mafuta hayo lazima yatolewe kwanza. Nayo yana soko lake.

Ganda bichi pia lina ujanja wake. Lisipooshwa kwa maji ya moto, hutoa tanini na sukari, na maji yanayotoka yanakuwa ya kahawia na yenye uchafu mwingi kuliko yalivyoingia. Mtu ameondoa bluu akaweka chai.

Kubwa zaidi ni hili: baada ya ganda kunasa rangi, tumekusanya sumu iliyokuwa imetawanyika kwenye lita mia mbili tukaiweka kwenye nusu debe. Hilo ni jambo jema, kwa sababu nusu debe linaweza kulindwa na mto hauwezi. Lakini lilindwe kweli. Lisitiwe shambani kama mboji, kwani mvua na asidi ya udongo vitairudisha rangi majini. Lisipewe mifugo. Lisichomwe jikoni, maana baadhi ya rangi zina klorini, kromu au shaba, na moshi wake si wa kuvutwa na mtoto aliyekaa karibu na mama yake. Mahali pake ni kwenye tanuru lenye joto kali linalosimamiwa, na majivu yake yazikwe penye sakafu isiyopitisha maji. Wapo wanaotafiti uyoga unaoozesha miti, jamaa wa uyoga mamama tunaoula, kwa kuwa vimeng'enya vyake vinaweza kuvunja rangi. Naufuatilia utafiti huo kwa matumaini, lakini uyoga uliooteshwa juu ya rangi haupaswi kufika sokoni kwa njia yoyote ile, na aliye na wazo hilo aliache hapa hapa ukumbini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za ubora wa maji za mwaka 2007 zimetupa vipimo vya maji yanayotoka. Kuhusu lile ganda lililoshiba hapo nyuma ya nyumba, mafundi wadogo wanahitaji maelekezo ya wazi, kwa Kiswahili, yaliyobandikwa ukutani.

TUNAKOELEKEA

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nitumie dakika zilizobaki kutaja kazi ambazo tunaweza kuzianza.

Kazi ya kwanza ni daftari la rangi. Wanafunzi wa kemia wapite kwenye vikundi vya batiki na maduka ya rangi mjini, waandike ni familia ipi inauzwa, kiasi gani, na inatumiwaje. Pakiti nyingi zinapimwa kwenye vimfuko visivyo na jina, kwa hiyo itabidi wazijaribu wenyewe: tone la kostiki na haidrosi, kipande cha pamba, kipande cha sufu, na kutazama kinachoshika. Bila daftari hilo, kila mradi utakaofuata utakuwa wa kubahatisha.

Baada ya hapo tunataka karakana moja ya mfano, yenye mapipa matatu niliyoyaeleza, pipa la kuachia rangi za vati zitulie, na mahali palipofunikwa pa kukaushia ganda lililotumika. Isimamiwe na akina mama wenyewe. Wahandisi wawe wapimaji: wapime rangi, ukali wa maji na mahitaji ya oksijeni, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa maji halisi ya kazi, na wayabandike matokeo ukutani, yale mabaya pamoja na mazuri. Manispaa inaweza kusaidia kwa jambo moja ambalo kikundi hakiliwezi, yaani gari la kukusanya maganda yaliyoshiba kutoka karakana zote na kuyapeleka penye tanuru moja linalofaa.

Kwa viwanda, ombi langu ni kwamba watuachie mrija mdogo kwenye njia yao ya mwisho ya majitaka, ambapo nguzo ya mkaa wa vifuu na nguzo ya makapi ya mkonge yaliyolowekwa shabu zitawekwa sambamba, zikinywa maji yaleyale kwa miezi mfululizo, hadi tuone ipi inachoka kwanza na kwa gharama gani. Nawaomba walimu wanaosimamia tasnifu wawape vijana wao maji hayo badala ya chupa ya methilini bluu.

Nimeleta chupa tatu za majitaka ya rangi, ziko mezani pale pembeni, pamoja na maganda ya mpunga yaliyooshwa na mengine yaliyotiwa shabu. Baada ya maswali, wanafunzi watayachanganya mbele yenu, na kwa kuwa unasaji unataka muda, atakayeweza kusubiri saa moja aje aone chupa ipi imekubali na ipi imekataa. Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.